Tanga kwa baiskeli: uzoefu wangu na mwongozaji wa Ngamiani

Tanga huuzwa na kampuni nyingi za utalii kama safari ya mwisho wa juma: asubuhi Mapango ya Amboni, mchana magofu ya Tongoni, jioni Pangani, na kesho yake wageni wako barabarani kurudi walikotoka. Mimi na mke wangu tulichagua njia nyingine. Tulimkodi mwongozaji mkazi wa Ngamiani, eneo la mjini Tanga, anayefanya kazi kwa malipo ya siku na kwa baiskeli, tukakubaliana naye kwamba kila siku iwe na mahali pamoja tu pa kwenda na kwamba asitukumbushe saa. Sijapata huduma nyingine iliyonisogeza karibu na mji na mkoa wake kiasi hicho, ingawa ina kasoro ambazo mteja anapaswa kuzijua kabla ya kulipa.

Baiskeli Tanga si mapambo ya watalii. Mji umekaa katika ardhi tambarare, na kwa miaka mingi baiskeli imekuwa chombo cha kila mtu: utamwona mama wa makamo aliyevaa baibui akiendesha kwa utulivu kuelekea sokoni, mwanafunzi aliyempakia mdogo wake kwenye keria, na fundi aliyeketi na beseni lake la maji ya kutafutia pancha, katika mitaa ya Ngamiani ambako barabara zimepewa namba badala ya majina. Mgeni anayepita humo kwa gari la kukodi huangaliwa tu. Anayepita kwa baiskeli husalimiwa, na salamu za Tanga hazina haraka. Siku ya kwanza hatukutoka mjini, na sehemu kubwa yake ilipita kwenye kijiwe cha kahawa, ambako wazee walimuuliza mwongozaji wetu habari za mama yake kabla ya kutuuliza sisi tunatoka wapi. Jambo hilo lilinithibitishia, kabla hajatoa maelezo yoyote ya kihistoria, kwamba tumeingia mtaani na mtu wa mtaani.

Maelezo yenyewe yalikuwa ya mtu anayeipenda kazi yake. Tukiwa Raskazone, tukiitazama ghuba, alitueleza jinsi jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka India lilivyoteremka pwani hiyo Novemba 1914 likashindwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani kilichoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, ambacho wengi wa wapiganaji wake walikuwa askari Waafrika. Aliwataja nyuki waliochokozwa na mapigano wakawashambulia wanajeshi, lakini akaongeza kwamba mtaani kisa cha nyuki kimekuzwa mno na kwamba kilichoamua vita kilikuwa mpango mbaya wa uvamizi. Namheshimu mwongozaji anayetenganisha namna hiyo yaliyothibitishwa na yanayosimuliwa.

Mapango ya Amboni yako umbali wa kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, kandokando ya barabara ya kwenda Horohoro, mpakani na Kenya. Kiingilio hulipwa hapo hapo, mbali na malipo ya mwongozaji, na ndani ya pango huongoza mtu wa kituo mwenye tochi. Ni miamba ya chokaa ya enzi za Jurasi, iliyochimbwa na maji kwa muda mrefu hadi ikabaki kumbi, njia nyembamba na matundu ya juu yanayoingiza mwanga. Mapango hayo pia ni mahali pa matambiko, na siku tuliyokwenda mama mmoja alikuwa amekuja na haja yake. Mwongozaji wetu alimwamkia shikamoo, akatuomba tusimame pembeni na tusipige picha, tukasubiri hadi alipomaliza. Kundi lenye ratiba ya saa moja lisingeweza kusubiri, na pengine lingempita yule mama akiwa katikati ya dua zake. Tulikaa hadi jioni, popo walipoanza kutoka.

Hapo ndipo kasoro kubwa ya huduma ilipojitokeza. Baiskeli hazikuwa na taa, na breki ya nyuma ya baiskeli ya mke wangu ilikuwa imelegea, kwa hiyo sehemu ya njia ya kurudi tulizikokota gizani pembeni mwa barabara inayopitisha malori ya mpakani. Mwongozaji hukodi baiskeli hizo kwa mtu mwingine, lakini mteja humlipa yeye, naye ndiye anayepaswa kuzikagua. Aliomba radhi bila kutafuta visingizio, na asubuhi yake fundi alikuwa ameshabadilisha breki. Hata hivyo, suala la taa halikupata ufumbuzi hadi tulipoondoka, na kwa huduma inayowahimiza watu wakae nje hadi jua lizame hilo ni pungufu lisilokubalika.

Tongoni, kusini mwa mji katika barabara ya Pangani, ndiyo siku ninayoithamini kuliko zote. Magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 yamesimama karibu na mikoko, mengine yakiwa na nguzo zilizopambwa zamani kwa vyombo vya kauri kutoka China, ambavyo sasa yamebaki mashimo ya duara tu mahali vilipopachikwa. Wanahistoria wengi wanauona mji huu kuwa ndio Mtangata, ambako jahazi moja la Vasco da Gama lilikwama katika safari yake ya mwaka 1498, na karibu na hapo likachomwa moto mwaka uliofuata kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Katika ziara ya haraka hayo yangetosha. Sisi tulilala kivulini maji yakipwa, tukazungumza na kina mama waliokuwa wakirudi kutoka kuokota chaza, na jua lilipopinda vivuli vya nguzo vilionyesha michongo ambayo sikuiona kabisa mchana. Nilizunguka upya makaburi yote kwa ajili ya mwanga ule.

Kwenda Pangani, kilomita zipatazo 50 kutoka Tanga, tulipakia baiskeli juu ya basi, na nashauri wengine wafanye vivyo hivyo. Njiani mashamba ya mkonge yalimpa mwongozaji nafasi ya kusimulia habari za Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani; kutokana na hiyo michache mkoa mzima ukabadilika. Mjini Pangani, ambako Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani, alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889, tulizunguka majumba ya zamani kwa miguu, kisha tukavuka na kivuko hadi Bweni tukaendesha kati ya minazi bila kufuata ramani yoyote.

Bei tuliyokubaliana mwanzoni haikuongezeka, na chakula kilikuwa juu yetu, jambo ambalo kwa Tanga ni neema: mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, samaki wa kupaka usiku, na machungwa ya Muheza wakati wowote. Atakayemhitaji mwongozaji wa aina hii amtafute akishafika, kwa kuuliza kwenye nyumba ya wageni au kwa mafundi baiskeli, azikague breki na taa mwenyewe kabla ya kutoa fedha, na aepuke miezi ya masika kuanzia Machi hadi Mei. Sisi tutamkodi tena mtu yule yule, na tumeshamwomba safari ijayo aanzie Muheza na kutupandisha Amani, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902 katika misitu ya Usambara Mashariki. Amekubali, kwa sharti kwamba tusiende kwa siku moja.