Mvinyo wa kula nao nyumbani: chupa ipi inunuliwe kwanza

Wengi wetu tukiingia dukani kutafuta mvinyo wa chakula cha Jumapili huchukua chupa ya mvinyo mwekundu mzito kwa kuwa inaonekana ya heshima mezani, kisha tukainywa pamoja na samaki wa nazi na kila funda likaacha ladha ya chuma mdomoni. Mpishi hana kosa. Vyakula vyetu vina tui, ndimu, tangawizi na pilipili, na hivyo ndivyo vya kuangaliwa kabla ya kuuliza kama nyama ni nyekundu au nyeupe.

Nafasi ya kwanza naipa Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa Afrika Kusini, bila kusita. Asili ya zabibu hii ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, lakini leo ndiyo inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine zote Afrika Kusini, na hivyo chupa nzuri hupatikana kwa bei ya wastani. Uchachu wake hufanya kazi ya ndimu. Mle kuku wa kupaka aliyetoka kwenye makaa, tui limemgandia na kuungua kidogo pembeni, kisha unywe funda moja la mvinyo huu ukiwa baridi: mafuta yanaondoka ulimini na hamu ya tonge linalofuata inarudi. Kwa samaki chagua mkavu, yaani usio na utamu. Pilipili ikiwa kali, chagua ulio na utamu kidogo, kwa sababu sukari huituliza pilipili ilhali kileo huzidisha mwasho. Kwa sababu hiyo hiyo soma asilimia ya kileo kwenye lebo, uchukue ya 12 au 13 na kuiacha ya 14.5.

Ya pili ni mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huu ni wa nyama choma na mishkaki ya ng'ombe, kwani tanini zake, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, hulainika zikikutana na mafuta na protini ya nyama. Ila soma lebo kwa makini, maana ipo pia mitamu, nayo haifai kabisa kwa nyama yenye chumvi na kachumbari.

Pinotage, zabibu nyekundu ya Afrika Kusini, naiweka ya tatu. Ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold kwa kuchanganya aina mbili za mizabibu, Pinot Noir na Cinsaut, na harufu ya moshi ya mvinyo wake humfaa mbuzi wa kuchoma, lakini huielemea pilau. Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu mzito, ni ya mwisho katika nyumba inayopika kwa nazi.

Mvinyo wa boksi usidharauliwe: mfuko wake husinyaa bila kuingiza hewa, hivyo hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa, wakati chupa iliyofunguliwa huhitaji kumalizwa ndani ya siku tatu hadi tano, tena ikiwa kwenye friji.

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitolewa kwa vyumba vya Ulaya vya nyuzi 18 hivi. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari hukaribia nyuzi 30, kwa hiyo uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kula.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Wageni sita wanaokuja kula samaki na nyama watatoshwa na Chenin moja na ya Dodoma moja, na ile nyeupe ndiyo ifunguliwe kwanza.