Duka la picha za kale Kigoma mjini: chukua karatasi, fremu iache

Ukipandisha kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga, kuna duka dogo la vitu vya kale lenye vinyago, sahani za shaba na saa za ukutani zilizosimama. Vitu hivyo utavipata kwingine. Hazina ya duka hili iko ukuta wa ndani, upande usiofikiwa na jua: kurasa za magazeti ya picha ya Marekani ya karne ya 19, nyingi za Harper's Weekly na chache za Frank Leslie's Illustrated Newspaper. Wakati wa ukaguzi huu zilikuwepo 23. Kati ya hizo, 19 ni za kweli, mbili ni nakala za kisasa, na mbili ni kurasa za kitabu zilizobandikwa lebo ya gazeti. Kwa duka linalouza mchanganyiko wa vitu, hesabu hiyo inastahili pongezi. Balaa liko kwenye fremu, nalo ni balaa kweli.

Kwanza bidhaa yenyewe. Leslie alianza kutoa gazeti lake mwaka 1855, Harper's Weekly likafuata mwaka 1857, yote mawili New York. Wakati huo mitambo ya magazeti haikuweza kuchapa picha ya kamera moja kwa moja. Mchoraji alichora juu ya mbao ya mti wa Buxus iliyopakwa weupe, na mchongaji akaondoa kila sehemu isiyotakiwa kushika wino. Mbao hiyo hukatwa kukingama shina, kwa hiyo patasi haipiti juu ya nyuzi za mti bali kwenye ncha zake, na ndiyo maana mistari huweza kuwa myembamba kama unywele. Anayewajua mafundi wa mpingo ataelewa haraka kwa nini ulitakiwa mti mgumu na mzito namna hiyo.

Ila Buxus ni mti mwembamba. Picha ya ukurasa mzima haikupata kipande kimoja cha kuitosha, hivyo vipande vingi viliungwa kwa bolti na nati. Mchoro ukishakamilika vilifunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, kisha vikafungwa tena. Kazi ya wiki ikaisha kwa siku mbili tatu. Pale vipande vilipokutana vibaya, wino haukushika, na ukabaki mstari mweupe ulionyooka kama rula, ukikata anga, miti na hata sura za watu. Mstari huo ni alama ya uhalisi. Dukani kuna ukurasa wa kambi ya wanajeshi wenye mistari miwili ya aina hiyo, na lebo yake imeandikwa "umekwaruzwa", bei ikashushwa kutoka shilingi 90,000 hadi 60,000. Punguzo hilo lipokee kwa mikono miwili.

Ukurasa mzito kuliko yote mle ndani ni wa Harper's Weekly la tarehe 4 Julai 1863, ukurasa wa 429, wenye picha tatu za mtu aliyetajwa kwa jina la Gordon. Alitoroka utumwani na kufika kambi ya jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861 hadi 1865), huko Baton Rouge, Louisiana. Kushoto yuko na nguo zilizochanika, kulia amevaa sare ya askari, na katikati amekaa ametugeuzia mgongo uliojaa makovu ya viboko. Picha hiyo ya mgongo ilitokana na kamera ya wapiga picha McPherson na Oliver, kisha wachongaji wakaihamishia kwenye mbao. Shika lenzi uone makovu yalivyofanywa: mchongaji ameacha mistari myeupe inayopinda na kuvuka mistari ya kivuli, hivyo kila kovu linaonekana limevimba kutoka kwenye ngozi. Hii ni kazi ya mkono wa mtu aliyekaa muda mrefu juu ya mgongo ule. Bei yake dukani ni shilingi 320,000 bila fremu, na kwa ukurasa unaotafutwa hivi haizidi haki. Ungekuwa uamuzi wetu, ungebaki mkoa huu huu. Mwaka ule gazeti lilipotoka, misafara ilikuwa bado inashuka kutoka Ujiji kupitia Tabora kwenda Bagamoyo, pembe mabegani na watu minyororoni. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa miaka kumi baadaye, 1873.

Sasa tuje kwenye picha ambayo kila mgeni huiulizia: Stanley akivua kofia mbele ya Livingstone pale Ujiji, mwaka 1871. Duka linazo mbili, zote zikiwa na lebo "New York Herald". Lebo hiyo ing'olewe. Stanley aliajiriwa na Herald, hilo ni kweli, lakini gazeti hilo lilikuwa la safu za maandishi, si gazeti la picha. Hizi zimekatwa kutoka kitabu cha Stanley, How I Found Livingstone, kilichotoka mwaka 1872. Kipimo peke yake kinatosha kukuambia: ukurasa wa Harper's Weekly una karibu sentimita 28 kwa 40, lakini hizi hazifiki hata nusu ya hapo. Ni michongo halisi ya mbao na inapendeza kuwa nayo, hasa kwa mtu wa Ujiji. Ilipe kama picha ya kitabu, yaani shilingi 40,000 badala ya 150,000 wanazotaja.

Namna ya kukagua kurasa nyingine ni hii. Anza na namba ya ukurasa. Harper's Weekly lilikuwa na kurasa 16, na namba ziliendelea mfululizo mwaka mzima. Karatasi kubwa ikikunjwa kuwa kurasa 16, kurasa za 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16 huangukia upande mmoja wa karatasi, na huko ndiko picha zilikowekwa kwa desturi. Upande wa pili ukawa wa maandishi. Gawanya namba kwa 16 uangalie baki. Ukurasa wa Gordon: 429 kwa 16 ni 26, baki 13. Umekaa mahali pake, na ni wa toleo la 27 la mwaka huo. Baki ikiwa sifuri, huo ni ukurasa wa 16. Nyongeza zikiingia katikati ya mwaka hesabu huvurugika, hivyo baki isiyolingana isikufanye utupe ukurasa; ikufanye uchunguze zaidi.

Kisha geuza. Mgongo mweupe mtupu kwenye ukurasa unaodaiwa ni wa gazeti ni sababu ya kuuliza maswali. Tafuta maandishi, na ukingoni tafuta matundu ya sindano au mabaki ya gundi ya jalada, kwa sababu kurasa nyingi zilizopo leo zilinusurika ndani ya majuzuu yaliyojalidiwa. Kurasa za katikati, za 8 na 9, zina mkunjo; hapo ndipo hupasuka kwanza.

Lenzi ya mara 10 inatosha. Mchongo una mstari mweusi mzima, na wino umesukumwa kidogo kwenye kingo zake. Nakala ya mashine ya kisasa huonyesha vidoti vya rangi vilivyopangana, au unga mweusi unaong'aa juu ya karatasi. Lakini lenzi ina mpaka wake: miaka ya 1960, vita ile ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipotimiza miaka 100, matoleo ya wakati wa vita yalichapwa upya mistari kwa mistari, bila vidoti. Hapo tumia taa ya zambarau ya kukagulia noti, ile ile ya mawakala wa fedha. Kuanzia katikati ya karne ya 20 karatasi nyingi zimetiwa kemikali ya kung'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka bluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Karatasi ya 1863 hubaki imefifia. Zile nakala mbili za dukani ziliwaka mara moja. Kutowaka, hata hivyo, hakuthibitishi ukongwe. Kunaondoa shaka moja tu.

Rangi nazo zisikupandishe bei. Magazeti haya yalichapwa kwa wino mweusi, na kurasa nne za dukani zenye bendera nyekundu na anga la bluu zimepakwa rangi za maji baadaye na wauzaji. Si uharibifu mkubwa, ila ongezeko la shilingi 50,000 halina msingi.

Tukifika kwenye fremu, hapa ndipo duka linapoharibu mali yake. Fundi wao ana mkono mzuri: pembe za mninga zimekutana bila uwazi, polishi imelala vizuri, na mninga wenyewe ni ule wa misitu ya Tabora. Fungua mgongo sasa. Ukurasa umelazwa moja kwa moja juu ya hadibodi, umebanwa na kioo bila nafasi, na umeshikwa kwa selotepu pande zote nne.

Kila kimoja kati ya hivyo kina matokeo yake. Hadibodi ina tindikali, nayo huhamia kwenye karatasi. Fremu moja ya zamani pale dukani imeshaacha kivuli cha rangi ya chai katikati ya ukurasa. Kioo kinachogusa karatasi hushika unyevu, na kwa masika ya Kigoma, na upepo wa ziwa, unyevu hukusanyika upande wa ndani hadi ukungu ukaota na karatasi ikagandia kioo. Selotepu hukauka, gundi yake ikageuka kahawia na kuzama ndani ya nyuzi. Na kwa kuwa karatasi hutanuka ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka, ile iliyofungwa pande nne haina pa kwenda. Hujikunja mawimbi, kisha hupasuka. Tabora kiangazi ni kikavu zaidi, na ukurasa uliowekewa fremu Kigoma wakati wa mvua huko utavutika hadi kuchanika penye selotepu.

Kwa hiyo nunua karatasi tupu, halafu mpe fundi yule yule kazi ya fremu kwa masharti yako. Kadi mbili nene za pamba zisizo na tindikali, moja nyuma na nyingine mbele ikiwa imekatwa dirisha. Usitegemee kuzikuta kwenye stationery, ziagize Dar es Salaam zije na mabasi. Unene wa kadi ya mbele uutenge ukurasa na kioo kwa milimita 3 hivi. Ukurasa ushikwe juu tu, kwa bawaba mbili za karatasi nyembamba ya Kijapani, kila moja sentimita 2 kwa 3, ili sehemu ya chini ining'inie huru. Gundi yake ni wanga wa ngano: sehemu moja ya wanga kwa tano za maji, koroga juu ya moto mdogo nusu saa mpaka ing'ae na iwe nzito, ipoe, ichujwe kwenye kitambaa. Unga wa chapati haufai, una gluteni, yaani protini ya ngano inayonata, inayovutia wadudu na kugeuka njano. Gundi ya seremala ndiyo isiguse kabisa, kwa sababu ikishakauka haitoki kwa maji. Bawaba ya wanga hulowanishwa ikatoka hata baada ya miaka 50.

Nyuma ya fremu bandika vipande vinne vya mpira, pembeni, isimame milimita 5 kutoka ukutani. Ukuta unaotoa jasho wakati wa masika hautaigusa, na mchwa akipanda utamwona mapema. Usiiweke mkabala na dirisha.

Na kuna huduma moja duka linatoa kwa shilingi 3,000 kwa nia njema kabisa: laminesheni. Kataa. Cheti cha shule kina nakala yake ofisini, huu ukurasa hauna. Joto la mashine huyeyusha gundi ndani ya karatasi na hakuna fundi wa kuitoa. Ukurasa wa mwaka 1874 wa Frank Leslie's tayari umeharibiwa hivyo na unauzwa shilingi 25,000. Usinunue hata kwa bei hiyo. Kurasa za miaka ya 1850 na 1860 kwa jumla ni bora kuzinunua, kwani karatasi zake zilitegemea zaidi matambara na bado zinapinda bila kuvunjika. Kadiri massa ya mti, yaani rojo la mbao iliyosagwa, yalivyozidi baadaye, ndivyo karatasi zilivyozidi kuwa njano na kukatika kingoni.

Mama mwenye duka ni msikivu. Msalimie kwanza, kisha mwambie, "Mama, naomba unifungulie mgongo nione nyuma," naye atamwita kijana wake aje na bisibisi. Alipoonyeshwa kipimo cha picha za Stanley alizitoa ukutani papo hapo zikaandikwe upya. Bei hupungua kwa asilimia 10 hadi 15 ukichukua kurasa mbili, zaidi ya hapo hashuki. Kufungasha ndiko kunakohitaji jicho lako: wao huviringisha ukurasa ukawa mwembamba kama chapati na kufunga kwa rababendi, jambo linalovunja kingo. Nenda na vipande viwili vya kadibodi ya sentimita 35 kwa 45 na karatasi safi ya kutenganisha. Ukisafiri kwa treni hadi Tabora, beba bapa, mgongoni mwa begi, upande usio na chupa ya maji. Duka hufunga mchana wa Ijumaa na hufunguliwa tena baada ya sala.