Rejeta ya kwodi ya mashindano: kabla hujalipa, itazame shingo

Raptor yangu, kwodi ya Yamaha, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ilichemsha Bidiyah, kwenye jangwa la Oman, asubuhi ya Februari yenye baridi ya kuvaa koti, dakika kumi na mbili tu baada ya kuiwasha. Haikuwa Agosti wala saa saba za mchana. Mbele nilikuwa nimefunga rejeta mpya ya alumini, nene kupita ile ya kiwandani, niliyoinunua Muscat kwa riali 46 kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni "ya mashindano". Taa nyekundu ya joto ikawaka, chupa ya akiba ikajaa hadi ikamwaga mchangani. Rejeta kuukuu niliyoitoa, iliyokwisha kupigwa na mchanga miaka sita, haikuwahi kunifanyia hivyo.

Nikabadilisha mfuniko, kisha nikabadilisha tena. Nikatoa thamostati, kilango kinachofunguka maji yakipata moto, nikaichemsha kwenye sufuria: ikafunguka kama inavyotakiwa. Nikaanza kuihofia gasketi ya silinda hedi, kichwa cha injini, nikawa silali. Wiki ya tatu fundi mmoja wa Wadi Kabir, mtaa wa Muscat, akaleta pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta, akaifunga mahali pa mfuniko, na ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa ya akiba akautumbukiza ndani ya kikombe cha maji. Akapampu. Sindano ikapanda, ikashuka. Kikombe kikatoa mapovu.

Ilikuwa shingo. Nimepokea malalamiko ya wasomaji watatu tangu niliposimulia kisa hiki, mmoja wao yuko Mombasa, na wote wanaeleza jambo lile lile, ndiyo maana naandika mwongozo huu. Sitazungumzia ukubwa, uzito wala rangi ya rejeta. Hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa.

Tazama ndani ya shingo ya rejeta, pale unapomiminia maji. Kuna mdomo wa juu, unaoshika masikio ya mfuniko, na chini kidogo kuna duara jembamba la chuma. Mpira mdogo wa mfuniko unakalia duara hilo, na springi inaukandamiza. Presha yote ya mfumo inazuiwa hapo. Duara likiwa chini mno, springi haifiki kukaza. Likiwa limepinda kwa joto la kuchomelea, mpira unagusa upande mmoja na kuacha mwingine. Langu lilikuwa na maradhi yote mawili: tulipopima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene na kina, kina chake kilipishana na cha rejeta ya asili kwa karibu milimita 2.

Hizo milimita zina maana kubwa. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100, lakini yakizuiwa na mfuniko wa bar 1.1 (bar ni kipimo cha presha) hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 122. Shingo mbovu inakunyang'anya nyuzi 22 hizo zote. Maji yanaanza kuchemka ndani ya hedi, karibu na vali ya moshi ambako joto ni kali zaidi, na mvuke haubebi joto kama maji. Mvuke unayasukuma maji yaende kwenye chupa, injini inabaki na kidogo, na kidogo hicho kinachemka upesi zaidi. Hapo hata ungefunga rejeta kubwa kama mlango, haikusaidii.

Kwa hiyo nenda dukani na mfuniko wako wa asili mfukoni. Paka mpira wake wa chini rangi ya mdomo, ile nyekundu, kidogo tu. Ufunge kwenye rejeta unayotaka kununua, ufungue, uchungulie. Ukiona pete nyekundu kamili juu ya duara, endelea kuzungumza bei. Pete ikikatika, au isipoonekana kabisa, irudishe rejeta juu ya kaunta. Ukinunua kwa mtandao, omba picha ya ndani ya shingo, na omba kina kutoka mdomo wa juu hadi kwenye duara. Anayeuza kitu kizuri hupima akakujibu.

Ninayoiweka ya kwanza ni Fluidyne ya Marekani, na siyafichi mapenzi yangu. Ni kampuni ya rejeta za magari ya mashindano iliyotengeneza pia za kwodi kama Raptor 700 na YFZ450 za Yamaha na TRX450R ya Honda. Niliyonayo mkononi ina shingo iliyokerezwa safi, ukipitisha kidole hukwami popote, na pete ya rangi ilitoka kamili mara ya kwanza. Nimepandisha nayo vilima vya mchanga laini kwa gia ya pili, mafuta yote, upepo ukinisukuma kwa nyuma, na mpira wa juu wa rejeta, ule bomba la kupitisha maji, ulibaki mgumu. Hicho ni kipimo kingine: injini ikiwa ya moto, ubonye mpira huo ukiwa umevaa glavu nene. Ukiwa laini, presha haipo. Mfuniko usiuguse mpaka ipoe.

Ya pili ni rejeta ya asili ya Yamaha, mpya ya kwenye boksi. Wengi wanaidharau kwa sababu haing'ai. Raptor 700, injini yake ya silinda moja ya cc 686, ndiyo iliyompa Ignacio Casale wa Chile ushindi wa kwodi kwenye mbio za jangwani za Dakar za 2020, za kwanza kufanyika Saudia, kwenye mchanga wa aina yetu. Kama injini yako hujaipanua, rejeta ya asili iliyo safi, yenye mapezi (vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa) yaliyonyooka na mfuniko mpya, inakutosha. Na kama unakimbia kwenye tope, kama wenzetu wa Nairobi, ichague hii kabla ya zile nene: mapezi yaliyobanana kwenye rejeta nene hushika tope, na likikauka hulitoi kwa maji ya bomba.

Ya tatu, feni. Nunua SPAL ya Italia, uhakikishe inavuta hewa kuelekea kwenye injini. Karatasi ya shashi ikiwekwa mbele ya rejeta inapaswa kunata. Nimekuta feni mbili zilizogeuzwa nyaya, zinapigana na upepo.

Maji ya rejeta nayaweka ya nne. Kwetu hakuna barafu, kwa hiyo mchanganyiko wa nusu maji, nusu kulanti (dawa ya rejeta) hauna kazi. Mimi natia maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi, sehemu saba na kulanti sehemu tatu, ya kuzuia kutu. Kulanti zisizo na maji kabisa, kama Evans, hazichemki mpaka joto lipite nyuzi 180, hata pasipo presha. Ndiyo maana huuzwa kama dawa ya kila chemsho. Lakini hubeba joto kidogo kuliko maji, na chuma cha injini kinakuwa cha moto zaidi wakati wewe huoni povu lolote. Umeificha shingo mbovu, hujaitengeneza. Vivyo hivyo mifuniko ya bar 1.8 au 2.0: kwenye shingo mbovu haizuii kitu, na kwenye shingo nzima inaitesa sili ya pampu ya maji ya injini.

Alumini za bei rahisi zisizo na jina: zipite.

Kinachoniuma si riali 46 peke yake. Nilimrudia yule muuzaji na kikombe changu cha mapovu kwenye simu, video nzima, akanijibu kuwa spea za mashindano hazirudishwi. Halafu nikaiona picha ile ile ya rejeta, na kivuli kile kile pembeni, kwa majina matano ya maduka tofauti na bei tano tofauti, ya juu ikiwa karibu mara mbili ya ya chini. Anayeagiza kwa haki analipa usafiri, ushuru wa asilimia 5 na kodi ya asilimia 5 juu yake, kisha anauziwa kesi. Mtu anayeuza kitu cha kulinda injini ya maelfu ya riali akipimie shingo kwa kalipa kabla hajakipakia. Ni kazi ya dakika moja!

Kama umekwishanunua, usiitupe. Fundi wangu aliikata ile shingo kwa msumeno, akachukua shingo nzima kutoka rejeta ya asili iliyopasuka tangi la chini, akaichomelea polepole, akiipumzisha kila baada ya sentimita moja ili isipinde. Tukaifunga pampu, tukapandisha hadi bar 1.1, tukaenda kunywa kahawa. Tuliporudi sindano ilikuwa palepale, na kikombe kimetulia.