Tiketi ya saa 72 ya Stockholm: inalipa au hailipi?

Karibuni wadau. Huo upepo mnaousikia kwenye maiki mnisamehe, nipo gatini Slussen, nasubiri boti. Mji huu wa Stockholm, hapa Sweden, umekaa juu ya visiwa 14, pale maji ya ziwa Mälaren yanapoingia Bahari ya Baltiki, kwa hiyo hapa boti ni daladala. Mimi mtu wa Tanga, huu mwaka wa kumi na moja naishi hapa, na kila kiangazi ananijia mgeni kutoka nyumbani. Swali lao ni lile lile: nitazungukaje bila kurudi Bongo na madeni? Basi bidhaa ya leo ndiyo hii hapa kwenye simu yangu, tiketi ya saa 72 ya SL, usafiri wa umma wa Stockholm.

Unalipia mara moja, unapanda basi, tramu, treni ya chini ya ardhi na boti za SL mpaka uchoke. Saa 72 ni saa kweli, si siku tatu za kalenda. Ukiianza Ijumaa saa nane mchana, inakufikisha Jumatatu saa nane mchana. Tiketi ya kawaida inaisha baada ya dakika 75, na hapo ndipo wageni wengi wanapoliwa. Hesabu yangu ni kwamba ukipanda chombo mara tatu kwa siku, pesa yako imerudi. Kama wewe ni mtu wa kuamka saa tano na kuzunguka karibu na hoteli, usinunue.

Sasa utamu wake uko majini. Boti namba 82 inatoka hapa Slussen, inapita kisiwa cha Skeppsholmen, inakwenda kisiwa cha Djurgården, na tiketi hii inakubalika. Dakika kama kumi hivi, umeona mji wa kale, umeona meli, upepo umekupiga. Mwaka juzi nilimlipia mama mdogo boti ya watalii, kampuni siitaji. Tukavalishwa vile vya masikioni vya kutoa maelezo. Changu kikaongea Kijerumani mwanzo mwisho, yeye akalala. Kesho yake nikampandisha 82, akakaa nje kwenye benchi na khanga yake kichwani, akaniambia, "Sasa hii ndiyo safari, mwanangu."

Ukishuka Djurgården nenda Vasa. Kama una muda wa jumba moja tu la makumbusho, liwe hilo. Kiingilio cha Vasa hakimo kwenye tiketi hii, ila walio chini ya miaka 18 hawalipi. Vasa yenyewe ni meli ya kivita ya mfalme Gustav wa Pili Adolf, urefu wake mita 69, mizinga 64. Tarehe 10 Agosti 1628 ikang'oa nanga kwa mara ya kwanza, ikaenda kama mita 1,300, upepo ukaja, ikalala upande, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama watu wa mji wanaangalia. Na dalili ilikuwepo! Kabla ya hapo walifanya jaribio, wanaume 30 wakimbie kwenye sitaha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Meli ikayumba mpaka zoezi likasimamishwa. Lakini mfalme anaitaka meli yake, nani amwambie?

Ikakaa chini miaka 333, mpaka ilipoinuliwa mwaka 1961. Mtu wa pwani hapo lazima ajiulize: mbao zinakaaje majini miaka yote hiyo? Sisi jahazi lisipopandishwa, likachomwa moto chini na kupigwa deheni, wadudu wanalitoboa likawa kama chujio. Jibu ni chumvi. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo, wale wadudu hawaishi humo. Ndiyo maana utaiona karibu meli nzima, mbao zile zile, na sura za simba zilizochongwa nyuma. Mle ndani ni giza na baridi kidogo, chukua sweta hata mwezi wa saba.

Tiketi hiyo hiyo ikushushe chini ya ardhi. Kituo cha T-Centralen, jukwaa la njia ya buluu, wameacha mwamba wazi kama Mapango ya Amboni, kisha wakachora matawi ya buluu juu ya ukuta mweupe mpaka darini, pamoja na vivuli vya wafanyakazi. Kituo cha Solna centrum pamepakwa nyekundu kama moto wa mkaa. Mimi huwa nawapa wageni saa nzima, tunashuka, tunapiga picha, tunapanda inayofuata. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, la sivyo utasikia watu wanavuta pumzi nyuma yako. Msweden hagombi, anavuta pumzi.

Gamla Stan, mji wa kale, nenda kabla ya saa tatu asubuhi. Mchana wa Julai ni msongamano na kofia za plastiki zenye pembe, hapana. Pita Mårten Trotzigs gränd, kichochoro ambacho mwisho wake kina upana wa sentimita 90. Watu wa Mji Mkongwe mtacheka. Halafu simama kwenye uwanja wa Stortorget, tazama lile jengo la Börshuset. Mle ndimo Oktoba 2021 lilipotangazwa jina la Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, kwa Nobeli ya Fasihi. Chini kuna makumbusho ya tuzo hiyo, na washindi husaini chini ya viti vya mgahawa. Pindua kiti chako kabla hujakaa.

Njaa ikiuma, agiza kardemummabulle. Ni andazi la kusokotwa, limejaa iliki ya kutwangwa, si ya unga unga, unaitafuna kabisa. Ukipita mlangoni mwa bekari harufu inakurudisha jikoni kwa bibi siku ya Idi. Lipa kwa kadi, maana sehemu nyingi noti hawapokei kabisa.

Jioni shuka kituo cha Mariatorget, tembea hadi Monteliusvägen, njia ya mbao ukingoni mwa mwamba. Bure. Mwezi wa sita jua linazama kwenye saa nne usiku hivi, kwa hiyo usikimbilie. Mwezi wa kumi na mbili limeshazama kabla ya saa tisa alasiri, hapo kimbilia.

Kasoro zake? Treni ya haraka ya uwanja wa ndege wa Arlanda haimo. Hata treni ya kawaida inayosimama uwanja wa ndege, kupita geti la kituo kile unalipa nyongeza. Wenyeji tunapanda treni hadi Märsta, kisha basi 583, na tiketi inatosha. Maboti ya visiwa vya mbali nayo kwa kawaida yana nauli yake. Ukitaka kuonja visiwa bila kulipa zaidi, chukua basi 670 kutoka Tekniska högskolan hadi Vaxholm, chini ya saa moja, ukae gatini uangalie ngome iliyo katikati ya maji.

Alama zangu ni nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa ajili ya lile geti la uwanja wa ndege. Haya, 82 hiyo inafunga kamba, ngoja niwahi benchi la nje.