SWIG kwenye kazi ya mzani: majina ya C yalivyogongana na Python

Kazi yenyewe ilitoka duka moja la nafaka Tandale. Mwenye duka ana mzani wa kielektroniki na printa ya risiti, kila kimoja kimekuja na maktaba yake (fanksheni zilizoandikwa tayari) ya lugha ya C, na programu ya mauzo tuliyomwandikia hapa Sinza ni ya Python. Maktaba ya mzani ina fanksheni nyingi, na kuziunganisha moja moja kwa mkono ni adhabu. Nikachukua SWIG, chombo cha bure ambacho David Beazley alikianzisha miaka ya 1990 akiwa Los Alamos, Marekani. Kwenye Ubuntu kinaingia kwa amri moja ya apt na bando hata haishtuki. Unakiandikia faili dogo la .i, kinasoma faili la .h la mtengenezaji, lenye orodha ya fanksheni zake, kisha kinakutolea msimbo wote wa kuunganisha.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapo ndipo penye kazi. Aliyeandika maktaba ya mzani hakuwa na habari na Python. Fanksheni ya kufuta bidhaa kaiita `del`. Kipimo kisichochaguliwa kakiita `None`. Uzito wa juu kabisa ambao mzani unaweza kubeba ni `max`. Kwenye C hayo yote ni halali, ila `del` na `None` kwenye Python ni maneno yenye wenyewe. SWIG inaliona hilo na kukwambia:

mzani.h:12: Warning 314: 'del' is a python keyword, renaming to '_del'

Kukupa onyo, kakupa. Ila dawa yake siipendi. Jina linaloanza na mstari wa chini, kwa desturi ya Python, maana yake ni mambo ya ndani, usiguse. Tena ukiandika `from mzani import *`, majina ya namna hiyo hayaletwi kabisa, kwa hiyo kijana anayekuja kusoma msimbo wako ataitafuta fanksheni ya kufuta na asiione. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, unashauri mstari uwekwe mwishoni, `del_`, na sijui kwa nini watu wa SWIG hawakufuata huko.

Bahati nzuri unaweza kuchagua mwenyewe:

%rename(futa) del;
%rename(BILA_KIPIMO) None;

Mistari hiyo lazima ikae juu ya `%include "mzani.h"`, kwa sababu `%rename` inashika yale yanayofuata tu. Na inashika kwelikweli: ukiandika `del` bila kutaja ni ya wapi, kila `del` itabadilishwa, hata ile iliyo ndani ya klasi. Ukitaka moja tu, itaje kwa anwani kamili, mfano `Bidhaa::del`.

Kuhusu `max`, hapo SWIG inanyamaza. Kugongana na jina la ndani ya Python ni onyo namba 321, nalo kwa kawaida limezimwa. Endesha na `-Wextra` ndipo lijitokeze. Usipofanya hivyo, mwenzako akileta kila kitu kwa nyota, `max` ya Python inafunikwa na ya mzani, na hesabu za mahali pengine kabisa zinaanza kulalamika. Hili la kunyamaza nawatoza alama moja.

Kuna jambo lingine ambalo SWIG haitakusaidia, na wengi wanadhani itasaidia. Mzani una `init`, na printa nayo ina `init`. Nilipoziunganisha maktaba zote mbili za .a (zinazoingizwa ndani ya moduli yenyewe) kwenye moduli moja, linka, yaani programu inayounganisha vipande vya msimbo, ikagoma kwa kuona `init` mbili: multiple definition of `init'. `%rename` haina la kufanya hapo, kwa sababu inabadilisha jina la upande wa Python tu. Chini huko jina la C liko palepale. Na afadhali linka igome. Zingekuwa maktaba za .so (zinazopakiwa programu inapoendeshwa) zilizofungwa pamoja kwenye Linux, iliyotangulia kwenye foleni ndiyo ingeitikia kila wito wa `init`, kimyakimya, na printa isingewaka bila wewe kujua kisa.

Kilichonitoa ni objcopy, chombo kinachoweza kubadilisha majina ndani ya maktaba yenyewe:

objcopy --redefine-sym init=mz_init libmzani.a

Kisha kwenye faili la .h nikaandika `mz_init`, basi. Msishawishike na `--prefix-symbols`, ingawa inaonekana ya haraka. Ile inabandika kiambishi kwenye kila jina, hata `printf` ambayo maktaba inaiazima kutoka nje, halafu linka inaanza kutafuta `mz_printf` isiyokuwepo duniani.

Cython, njia nyingine ya kuunganisha C na Python, nayo niliijaribu pembeni. Kwa majina ni safi zaidi: unaandika `void futa "del"(int id)` na mambo yameisha. Tahadhari tu, faili lako lisiitwe mzani.pyx kama tayari una mzani.c, kwani Cython nayo inataka kuandika mzani.c yake mahali palepale. Ila kila fanksheni unaitangaza mwenyewe, na kwa maktaba ndefu kama hii nilichoka mapema.

SWIG naipa nne kwa tano, na kwenye mzani ndiyo iliyobaki. Kama yako ni fanksheni tatu nne tu, usijitese nayo. Tumia moduli ya ctypes inayokuja na Python yenyewe: ukiipakia maktaba kwa jina `lib`, `lib.del` itakataliwa, lakini `getattr(lib, "del")` inapita bila shida.