Benchi mbili za mtiki chini ya mwembe: uzoefu wangu

Nyumba yetu iko Tanga mjini, upepo wa bahari unatufikia moja kwa moja, na mbele kuna mwembe ambao kivuli chake ndicho sebule yetu ya kweli. Benchi la kwanza la pale nililinunua likiwa tayari, limepakwa vanishi nyekundu inayong'aa, na muuzaji akaniapia kuwa ni mninga. Lilimaliza masika moja. Vanishi ilibambuka kwa jua, ubao wa kukalia ukajikunja kama mtumbwi, na chini ya miguu nikawa nafagia unga kila asubuhi kwa sababu mbao zilikuwa zinabunguliwa. Nilipokwangua rangi nikakuta mti mweupe hadi ndani. Iliniuma, maana ile hela niliikusanya kidogo kidogo.

Safari ya pili nikamwendea fundi seremala mmoja mtu mzima, nikiwa na picha ya benchi kwenye simu. Baada ya shikamoo na marahaba hakuitazama picha. Akaniambia, "Mama, benchi tutalizungumza baadaye. Twende kwanza tukatafute mbao." Hapo ndipo huduma yake ilipoanza kunipendeza.

Nilitaka mninga tena. Akanieleza kuwa kwa bei ya mninga wa kweli nitalipia uzuri ambao jua litaufuta. Mkongo ni mgumu na haupindi ovyo, lakini ukilowa mvua hutoa rangi ya manjano inayoshika nguo, na benchi ni la kukaliwa na watu wenye kanzu. Paina iliyotiwa dawa ingenipunguzia gharama sana, ila haikumridhisha kwa kitu cha kukaa nje miaka mingi. Tukaafikiana mtiki, kwa kuwa shamba la miti la Longuza, linalosimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), lipo hapo Muheza, na mtiki una mafuta yake ya asili yanayoukinga na maji na wadudu. Muuzaji tulimwomba risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Alikuwa nazo zote.

Kwenye rundo la mbao ndipo nilipojifunza zaidi. Mtiki unaokinga ni ule wa kiini tu, wenye rangi ya asali iliyokolea. Sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na gome, haina kinga hiyo, na miti michanga inayo nyingi. Mbao zenye mstari mweupe mpana fundi aliziweka kando, hata zilizokuwa zimenyooka. Kisha akawa anaangalia kichwa cha kila ubao: uliopita katikati kabisa ya gogo hautaki, kwa sababu lazima utapasuka. Mwisho anauinua, anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu kama anayelenga shabaha. Zaidi ya nusu ya tulizozigusa zilibaki palepale, na muuzaji hakufurahi. Tuliondoka na mbao za mbili kwa sita, pamoja na nyembamba za kukalia.

Zilikuwa mbichi. Fundi hakunificha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yameisha. Alizipaka rangi ya mafuta kwenye vichwa vyote, kwa kuwa ubao hukauka haraka zaidi kupitia vichwani na huko ndiko nyufa huanzia. Akazipanga bandani juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja, vijiti vikifuatana wima kutoka chini hadi juu ili uzito usizipinde. Juu akaweka bati na mawe. Ubavuni akaacha wazi upepo upite. Jua la moja kwa moja halikuruhusiwa kabisa.

Kifaa cha kupimia unyevu hana. Alikata kipande cha shubiri moja kutoka kwenye ubao mmoja, akakipaka rangi vichwani kama wenzake, na kila Jumamosi nikawa nakipeleka dukani kwa jirani kwenye mizani. Siku ya kwanza kilikuwa gramu 1,420. Mwezi wa kwanza kilishuka upesi, kisha polepole, mpaka katikati ya Oktoba kikasimama kwenye 1,160 kwa Jumamosi tatu mfululizo. Ndipo akasema sasa ziko tayari kwa randa. Robo kilo ya maji ilitoka kwenye kipande cha shubiri! Nikalikumbuka lile benchi langu jekundu nikaelewa lilikauka wapi: pale pale chini ya mwembe, likiwa limeshapigwa misumari.

Kazi yenyewe ilichukua siku tisa. Viungo ni vya tundu na ulimi, yaani ncha ya ubao mmoja inachongwa iingie kwenye tundu la mwingine, na kabla ya gundi alifuta kila ulimi kwa thina, kwani mafuta ya mtiki huizuia gundi kushika. Mbao za kukalia aliziachia nafasi ya upana wa penseli ili maji yapite na mti upate pa kutanukia. Skrubu ni za aina isiyoshika kutu. Za chuma cha kawaida zingeacha madoa meusi, tena huku kwetu kwenye chumvi.

Benchi zipo mbili. Moja tulilipaka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), lingine tukaliacha mti mtupu, kwa sababu mimi na mume wangu hatukukubaliana. Mwaka mmoja na nusu umepita. La mafuta limeota madoa ya ukungu upande usiopata jua na nimelisugua kwa msasa mara mbili. Lile tupu limegeuka kijivu, halina ufa wala halijayumba. Mume wangu alikuwa sahihi.

Kasoro zipo. Mbao peke yake zilikula zaidi ya nusu ya gharama, na miezi minne ya kusubiri si ya mtu mwenye haraka. Vumbi la mtiki liliniwasha mikono siku niliposaidia kupiga msasa, hivyo vaa mikono mirefu na ujifunge pua. Kingo za chini za miguu zilikuja makali, zikachubua sakafu. Fundi alirudi kuzilainisha bila kudai nyongeza.

Sasa namtengenezesha meza ya pale katikati. Mbao zimepangwa bandani wiki ya sita, na Jumamosi hii kipande kilikuwa gramu 1,265.