MuseScore na maneno ya Kiswahili: kistari, ritifaa na ile "m" inayodai nota yake

Mimi ndiye ninayechapa nyimbo za kwaya yetu. Mwalimu anatunga kwa mkono, solfa (nota za herufi, d r m) kwenye daftari, nami nazihamishia kwenye kompyuta ili waimbaji wapate nakala zinazosomeka. Miaka mitatu sasa natumia MuseScore, programu ya bure ya kuandika nota za muziki, na ninaipenda kwa dhati. Habari za sauti zake na mwonekano wake zimeshasemwa sana. Nataka kuzungumzia maneno ya chini ya nota, maana hapo ndipo usiku wangu mwingi ulipoishia.

Kabla ya MuseScore nilitumia programu nyingine nikichapa kistari kama herufi, kisha nakisogeza kwa nafasi hadi kikae katikati ya silabi. Mwalimu akisema tupunguze ukubwa wa karatasi, vistari vyote vinahama na kazi inaanza upya. Katika MuseScore kistari ni amri. Unabofya nota ya kwanza, unabonyeza Ctrl+L, unaandika silabi, unabonyeza kistari: unapelekwa nota inayofuata, na programu inachora kistari yenyewe katikati. Nota zikiachana mbali, inaongeza vingine. Neno likiisha, bonyeza kitufe cha nafasi. Silabi ya mwisho ikivutwa kwenye nota kadhaa, kama "-na" ya "Amina", bonyeza mstari wa chini (_) mara moja kwa kila nota, utapata ule mstari mrefu unaomwambia mwimbaji asiachie. Silabi ya katikati ya neno ikivutwa, usitumie mstari huo. Endelea na kistari.

Ila programu haikwambii neno likatwe wapi. Hapo lazima mchapaji awe na sikio la Kiswahili, na hapa ndipo naona nakala nyingi zikiharibika. "Mungu" ni Mu-ngu. Wengi huandika Mun-gu, na soprano akikutana na "Mun" kwenye nota ya mapigo manne, anaifunga n mapema na sauti yote inaishia puani. Akiona "Mu" anaimba u iliyo wazi hadi mwisho. "Mbinguni" ina silabi tatu, mbi-ngu-ni, lakini "mtakatifu" ina tano, kwa sababu ile m ya mwanzo inasimama peke yake na inadai nota yake: m-ta-ka-ti-fu. "Nchi" nayo ni n-chi. Mtunzi akiwa ameandika nota nne kwa "mtakatifu", sikati neno kwa kubahatisha. Namrudia nimuulize alikusudia nini.

Ritifaa, ile alama (') ya ng', haina tatizo ndani ya MuseScore, inachukuliwa kama herufi nyingine yoyote. "Kung'aa" inaandikwa ku-ng'a-a, na usisahau kistari kati ya zile a mbili, kila moja ina nota yake. Shida inatoka nje. Mashairi yanakuja kwa simu: mmoja ametumia ritifaa iliyonyooka, mwingine iliyopinda, mwingine ameiacha kabisa. "Ng'oa" bila ritifaa inakuwa "ngoa", neno jingine lenye maana nyingine, na si la kuimbwa madhabahuni. Siku hizi nasafisha maandishi yote kwanza kwenye faili la kawaida, nakata silabi kwa vistari humo humo, ndipo naanza kuyapeleka kwenye nota.

Kuna irabu zinazokutana. "Wana wa Adamu" ikiimbwa haraka, "wa" na "A" huangukia nota moja. Ukibonyeza nafasi unarukia nota ya mbele. Bonyeza Ctrl na nafasi pamoja, maneno mawili yatakaa chini ya nota moja. Mimi napenda zaidi kile kiupinde kidogo, wa‿A, kinachopatikana kwenye dirisha la herufi maalumu (Shift+F2 katika toleo la 4). Mama zetu wa alto walikielewa siku ya kwanza bila kuelezwa.

Solfa ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko yote. Waimbaji wetu wengi wanasoma d r m, hivyo naiweka chini ya nota kama mstari wa maneno, chini ya beti. Nukta pacha hazina taabu, na d' ya juu inatumia alama ileile ya ng'. Lakini katika solfa kistari maana yake ni kwamba sauti inaendelea, na ukikibonyeza, MuseScore inadhani unakata neno na kukupeleka mbele. Nilichofanya ni kuchukua kistari kirefu kidogo (–) kutoka dirisha lile la herufi maalumu. Programu inakiacha kikae kama herufi, na kwenye karatasi kinaonekana vizuri zaidi hata kwa wazee wa besi wenye miwani.

Nimejaribu LilyPond pia, programu nyingine ya nota ambayo wimbo wote unauandika kwa maandishi. Humo unaandika M -- ta -- ka -- ti -- fu, na wa~A kwa irabu zinazoungana. Matokeo yake ni mazuri mno. Ila huoni nota unapoandika, na mwalimu wangu anataka kukaa pembeni yangu aone wimbo wake ukijengeka. Kwa hiyo nimebaki na MuseScore, na nakala za Jumamosi hii tayari zimeshachapwa.